Juu ya kaskazi: baridi ya kileleni na namna inavyotabiriwa

Mtu wa Lamu akiamua kupanda Mlima Kenya au Kilimanjaro, aghalabu huchagua Januari au Februari. Muulize sababu, atakwambia kaskazi imeshika, vuli imekwisha na masika bado. Barazani Mkomani hakuna atakayembishia, maana hesabu hiyo ni ya kweli: miezi hiyo ni mikavu hata huko milimani. Kisha anafungua simu, anaandika jina la mlima, na simu inamjibu nyuzi 12, mawingu kiasi, upepo wa kilomita 9 kwa saa. Anafunga sweta moja na koti la mvua.

Usiku wa kukwea kilele anakutana na nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo unaomtoa njiani. Hakuna aliyemdanganya. Wazee walimpa majira, na majira yalikuwa sahihi. Simu ilimpa hali ya hewa ya mahali fulani, ila mahali penyewe hapakuwa kileleni.

Tuanze na simu. Kompyuta zinazotabiri hali ya hewa haziwezi kupigia hesabu kila shubiri ya dunia. Huigawa dunia nzima katika visanduku, na kila kisanduku hupewa joto moja, upepo mmoja, unyevu mmoja na, jambo ambalo wengi hawalijui, kimo kimoja cha ardhi. Modeli kuu, yaani programu kubwa ya kupiga hesabu hizo, ya kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya hutumia visanduku vya takriban kilomita 9 kila upande; ile ya Marekani, takriban kilomita 13. Kisanduku cha kilomita 9 kikitua kwetu kitaufunika mji wa Amu, Shela, uwanja wa ndege wa Manda na mkono wa bahari ulio katikati, na vyote vitahesabiwa kitu kimoja. Kwetu hasara si kubwa, nchi ni tambarare na bahari ni ile ile. Mlimani ni balaa. Batian, ncha ya juu kabisa ya Mlima Kenya, ina mita 5,199, lakini kilomita chache kutoka hapo kuna mabonde ya kina na msitu. Wastani ukichukuliwa, ncha yote ya mwamba hupotea na mlima hubaki kilima kipana chenye mgongo wa mviringo. Joto unaloonyeshwa ni la kilima hicho, au pengine la Nanyuki, mji ulio mita 1,900 na ushei tu kutoka usawa wa bahari. Programu nzuri huandika kimo ambacho utabiri wake umehesabiwa. Isiyoandika, mimi sioni sababu ya mpanda mlima kuibakisha kwenye simu.

Kosa hilo la kimo lina dawa ya haraka. Hewa ikipanda hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na katika kutanuka hupoa. Hewa kavu hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Hewa iliyoshiba mvuke hupoteza pungufu ya hapo, kwa sababu mvuke unapogeuka kuwa matone ya wingu huachia joto. Wastani unaotumiwa sana ni nyuzi 6.5 kwa mita 1,000. Anzia ufukweni Shela na nyuzi 28, panda hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, na utafika nyuzi 10 chini ya sifuri. Vipimo vilivyosimikwa kwenye barafu ya Kibo, sehemu ya Kilimanjaro yenye kilele hicho, mwaka 2000 vimeonyesha wastani wa mwaka wa kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa hesabu ya kichwani, si haba. Lakini wastani haupandi mlima na mtu. Anayepanda huwa huko saa fulani ya siku fulani, na hapo ndipo jambo linapoanza kuwa gumu.

Ugumu wa kwanza unamhusu hasa mtu wa pwani, kwa sababu anapotezwa na ujuzi wake mwenyewe. Tumelelewa tukijua kwamba upepo ni kusi au ni kaskazi, na kwamba kilichobaki ni kujua mwongo wa ngapi. Kaskazi chanzo chake ni baridi ya bara Asia. Ardhi ya Siberia na majirani zake hupoa mno mwisho wa mwaka, hewa iliyoilalia huwa nzito na humwagika kuelekea kusini, ikavuka Bahari ya Arabu na kutufikia ikiwa imekwisha pashwa joto na maji. Majahazi yaliyokuwa yakiingia Lamu kutoka Ghuba na Uarabuni yalisukumwa na majira ya baridi ya watu wengine. Kusi nayo hutoka upande wa pili, kusini mwa Bahari Hindi, wakati huko ndiko kwenye baridi.

Sasa, pepo hizi mbili ni za chini. Juu ya Afrika Mashariki unene wake ni kilomita chache tu. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza mkondo wa upepo wa kasi unaopita kwenye ukingo wa Afrika Mashariki wakati wa kusi, na nguvu yake kubwa aliikuta kwenye kimo cha kama kilomita moja na nusu. Upepo unaotifua mchanga Shela mwezi Julai uko chini ya mkondo huo. Ukipanda zaidi, kilomita tatu au nne, kusi na kaskazi hufifia, na juu yake mara nyingi kuna upepo wa kutoka mashariki usiojua Nairuzi ni lini.

Kibo, basi, imetoboa kaskazi na kutokeza kwenye hewa nyingine. Ukielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya kazi ya mtabiri wa milima: hatabiri mahali, anatabiri tabaka la hewa ambalo kilele kimejichomeka ndani yake. Swali lake la kwanza si kama kutanyesha Moshi au Naro Moru, miji iliyo chini ya milima hiyo. Anauliza hewa iliyo kwenye kimo kile, saa ile, inatoka wapi, ina baridi gani na imebeba unyevu kiasi gani.

Katika hili Kilimanjaro ina bahati. Watabiri hawaipangi hewa ya juu kwa mita, huipanga kwa mgandamizo, na kipimo chake ni hektopaskali. Usawa wa bahari una kama 1,013. Mojawapo ya ramani wanazozitazama zaidi ni ile ya hektopaskali 500, yaani pale ambapo karibu nusu ya uzito wote wa hewa umekwisha baki chini. Katika nchi za joto ramani hiyo hukaa kati ya mita 5,850 na 5,900 hivi. Uhuru ni mita 5,895. Hakuna haja ya kukisia wala kusahihisha: chukua ramani ya 500, soma upepo na joto juu ya Kilimanjaro, na uko kileleni. Ramani hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na kwa maoni yangu dakika kumi za kujifunza kuzisoma zina faida kuliko programu tano za simu.

Kwa Mlima Kenya hesabu ina utata kidogo. Wapandaji wengi huishia Lenana, mita 4,985, na hicho ndicho kimo ambacho karibu na ikweta joto hukatiza sifuri. Mstari huo wa sifuri ukishuka mita 200, kinachoanguka Lenana ni theluji kavu. Ukipanda mita 200, ni mvua ya baridi inayolowesha nguo hadi ndani. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, ingawa wengi huiogopa theluji. Nguo iliyolowa ikapigwa na upepo huondoa joto la mwili upesi sana.

Kuna jambo jingine la ikweta ambalo vitabu vya upandaji vilivyoandikwa Ulaya havimwandalii mtu. Kule mpanda milima hufundishwa kutazama barometa: mgandamizo ukianza kushuka, dhoruba iko njiani, geuza. Akija Kilimanjaro na saa yake yenye barometa ataingiwa na hofu kila alasiri, maana itashuka. Hewa ya ikweta ina kujaa na kupwa kama maji ya mlango wa Lamu, mara mbili kwa siku. Hujaa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, hupwa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti na bahari, anayeiendesha zaidi ni jua kwa kuipasha joto hewa ya juu, mwezi mchango wake ni mdogo, na ndiyo sababu saa hizo hazisogei siku hadi siku kama zinavyosogea za bamvua na maji mafu. Pwani tofauti hufika hektopaskali 3 au 4. Kambini Barafu, mita 4,673, saa ya mkononi inaweza kukwambia kwamba kambi imepanda mita ishirini hivi nawe umelala tu. Dhoruba za kwetu hazitangulizi habari kwa barometa namna hiyo, na anayeingoja imwonye atangoja bure.

Majira ya baridi kwenye milima ya ikweta, kwa kweli, hayakai kwenye mwezi fulani. Yanakaa usiku. Tofauti ya joto kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri ni kubwa kuliko tofauti kati ya Februari na Julai. Jua likipiga miteremko, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kukwea, ikibeba unyevu wa msituni. Kufika saa nne au saa tano mawingu yameanza kupanda, na adhuhuri mara nyingi kilele hakionekani. Jua likizama mambo hugeuka. Miteremko hupoa, hewa huteleza kurudi chini, na mawingu hulala juu ya msitu. Mvuvi wa Kizingitini anayeondoka na umande alfajiri na kurudi na upepo wa baharini anaishi ndani ya mzunguko wa aina hiyo hiyo, ila kwake mteremko umechukuliwa na mpaka wa nchi kavu na maji. Ndiyo maana waongozaji huwaamsha watu saa tano usiku na kuanza kukwea saa sita. Wanataka wafike Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, au Uhuru jua linapochomoza na wawe wameshuka kabla mawingu hayajapanda. Gharama yake ni kwamba saa za kukwea ndizo saa za baridi kali kuliko zote.

Mpaka hapa baridi yenyewe bado haijafika. Hii ya kwetu ni baridi ya kimo tu. Ili kuona majira ya baridi yanavyoweza kukifanya kilele, tuondoke ikweta twende Mount Washington, jimbo la New Hampshire, Marekani. Mlima huu una mita 1,917. Nairobi iko karibu mita 1,795. Yaani kilele cha mlima unaotajwa kuwa na hali ya hewa mbaya kuliko karibu popote duniani kimeipita Nairobi kwa mita mia moja na kitu tu. Anayedhani ukali wa kilele unatokana na urefu wake peke yake na autazame mlima huu.

Unatokana na mahali ulipo. Uko karibu nyuzi 44 kaskazini ya ikweta, kwenye eneo ambapo njia kadhaa za dhoruba za Amerika Kaskazini hukutana: zinazotoka magharibi, zinazopanda kutoka Ghuba ya Mexico, na zinazofuata ukingo wa Atlantiki. Safu ya milima yake imelala kaskazini hadi kusini, ikaukinga upepo wa magharibi kifua wazi. Upepo huo hauna pa kwenda ila juu. Juu nako mara nyingi kuna tabaka la hewa tulivu lisilotaka kusukumwa, kwa hiyo upepo hubanwa kati ya mwamba na tabaka hilo, na kama maji yanayopita penye mlango mwembamba, huongeza mwendo. Upepo wa kawaida wa bondeni unafika kileleni ukiwa kitu kingine kabisa. Kwa wastani wa mwaka kilele hicho hupata siku zaidi ya mia moja ambazo upepo hufikia nguvu za kimbunga, kilomita 119 kwa saa na zaidi.

Kituo cha sasa cha kileleni kilianzishwa mwaka 1932, na watu huishi humo kwa zamu majira yote. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili 1934, mmoja wao, Wendell Stephenson, aliona kipimo cha upepo kinasoma kasi ndogo kuliko kelele alizokuwa akizisikia. Akajua kipimaupepo kimefunikwa na barafu. Akatoka na rungu, akapanda ngazi gizani, akaivunja. Mchana wa siku hiyo kipimo kilisoma kilomita 372 kwa saa. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi kimbunga Olivia kilipopita Barrow Island, Australia, mwaka 1996, na kupimwa kilomita 408 kwa saa. Hata hivyo Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuja kuitambua mwaka 2010. Kule Barrow Island kipimo kilikuwa cha mashine peke yake. Mount Washington walikuwepo watu, wakihesabu kwa saa ya mkono.

Rungu la Stephenson linastahili maelezo, kwa sababu lile barafu ndilo tatizo kuu la kupima chochote kileleni majira ya baridi. Wengi wetu tumefundishwa shuleni kwamba maji huganda kwenye sifuri. Matone madogo ya ukungu hayagandi hivyo. Yasipopata kitu cha kushikia yanaweza kubaki maji hadi nyuzi 10, 20 na hata zaidi chini ya sifuri. Yakigusa kitu, jiwe, waya, kofia, nyusi, yanaganda papo hapo. Upepo unapoleta matone hayo mfululizo, barafu nyeupe huota kuelekea upepo unakotoka, kinyume cha theluji inayorundikana upande uliokingwa. Mount Washington huwa ndani ya ukungu zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa hiyo vifaa huwekewa vipasha joto, na bado watu hutoka mara kwa mara na nyundo au mtaimbo kuvigonga. Kifaa kilichoganda hakinyamazi. Kinasoma upepo mdogo, na mtu aliye mbali mbele ya kompyuta anaamini kumetulia.

Tarehe 3 na 4 Februari 2023 kituo hicho kilisoma nyuzi 44 chini ya sifuri, huku upepo ukizidi kilomita 160 kwa saa. Baridi inayohisiwa ilihesabiwa kuwa nyuzi 78 chini ya sifuri. Hii namba ya pili huwachanganya watu, kwa hiyo tuifungue. Mwili hujizungushia utando mwembamba wa hewa uliyoipasha wenyewe. Upepo huuondoa utando huo, na mwili hulazimika kupasha mwingine, tena na tena. Namba ya baridi inayohisiwa inakadiria upotevu huo wa joto kwenye uso ulio wazi. Marekani na Kanada zilianza kutumia kanuni yake ya sasa mwaka 2001. Kwa kanuni hiyo, nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, hali isiyo ya ajabu Uhuru alfajiri, ni sawa na nyuzi 21 chini ya sifuri palipotulia. Ila upepo hauwezi kukishusha kitu chini ya joto la hewa yenyewe. Chupa ya maji haijui baridi inayohisiwa. Itaganda upesi zaidi, basi.

Nguvu ya upepo nayo haiongezeki kwa kadiri ya kasi. Huongezeka kwa mraba wake. Tahadhari ambazo idara ya hali ya hewa hutoa kwa wavuvi wa pwani wakati wa kusi mara nyingi ni za upepo wa kilomita arobaini na kitu kwa saa, na hapo mashua nyingi hubaki zimefungwa. Mara tatu ya kasi hiyo ni mara tisa ya msukumo. Kwenye Uhuru unapata nafuu kidogo, kwa kuwa hewa huko uzito wake ni karibu nusu ya wa pwani.

Everest ni habari nyingine tena. Huko adui wa majira ya baridi hapandi kutoka chini, anashuka kutoka juu. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mto wa upepo wa kasi unaoizunguka dunia kutoka magharibi, na majira ya baridi husogea kusini ukaja kukaa juu ya Himalaya. Kilele, mita 8,849, hujikuta ndani yake. Mwezi Mei mto huo huanza kusogea kaskazini kabla mvua za monsuni hazijafika, na katikati hupatikana siku chache za utulivu. Ndiyo sababu msururu wa watu kileleni huonekana Mei. Krzysztof Wielicki na Leszek Cichy wa Poland walikuwa wa kwanza kufika wakati wa baridi, tarehe 17 Februari 1980. K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, ilisubiri hadi tarehe 16 Januari 2021, ilipopandwa na Wanepali kumi kwa pamoja. Na si upepo peke yake: hewa ya baridi husinyaa na kushuka, kwa hiyo mgandamizo kileleni huwa mdogo zaidi Januari kuliko Julai. Kwa mapafu ya mpandaji, Everest ya majira ya baridi ni ndefu zaidi kuliko ya kiangazi.

Je, tabaka hilo la juu hujulikanaje? Zamani jibu lilikuwa kumpeleka mtu akae huko. Uskoti ilikuwa na kituo kileleni Ben Nevis tangu 1883 hadi 1904. Kile cha Sonnblick, Austria, mita 3,106, kilianza 1886 na bado kipo. (Kijana mmoja aitwaye C.T.R. Wilson alikaa wiki chache Ben Nevis mwaka 1894, akavutiwa na rangi za jua kwenye mawingu, akarudi maabara kujaribu kutengeneza wingu ndani ya chombo. Chombo hicho kilikuja kuonyesha njia za chembe zilizo ndogo kuliko atomu, na kikampa Nobel mwaka 1927.) Leo kazi kubwa hufanywa na setilaiti, ndege na maputo. Duniani kote maputo yenye vipimo hurushwa kwa saa zilizokubaliwa, ambazo kwetu huangukia saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Hapa Kenya kuna kituo cha Dagoretti, Nairobi. Puto hupanda kama kilomita 30, likituma joto, unyevu na upepo wa kila tabaka linalopita, kisha hupasuka. Afrika ina vituo vichache vya namna hiyo kulingana na ukubwa wake, na hii ni sababu mojawapo ya utabiri wetu kuwa na mashimo. Milimani kwenyewe vipimo ni haba pia. Kituo cha kuchunguza hewa cha Mlima Kenya kiko mita 3,678, yaani zaidi ya mita 1,500 chini ya Batian.

Hata vipimo vingekuwa vingi, kuna mpaka. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alirudia hesabu ya kompyuta yake akiingiza 0.506 badala ya 0.506127, ili kuokoa muda. Baada ya muda hali ya hewa aliyopata haikufanana hata kidogo na ya mwanzo. Tofauti ndogo mno ya mwanzoni ilikuwa imekua ikameza kila kitu. Ndiyo maana watabiri wa leo hawaiamini hesabu moja. Kituo cha Ulaya huendesha hesabu 51 kwa pamoja, kila moja ikianzia hali iliyotofautishwa kidogo. Zikikubaliana, mtabiri ana ujasiri. Zikitawanyika, jibu la kweli ni kwamba siku hiyo bado haijulikani, na mtabiri anayekupa namba moja tu siku hiyo anakuficha jambo.

Kwetu kinachozitawanya mara nyingi ni upepo kugeuka huko juu. Kwa kawaida hewa ya kimo hicho hutoka mashariki, na Januari huwa kavu. Kuna siku hugeuka ikatoka magharibi, na hewa ya magharibi imepita juu ya misitu ya Kongo. Huleta mvua na theluji katikati ya msimu ambao kila mtu ameuita mkavu. Sababu zake mbili zinafahamika. Ya kwanza ni kimbunga upande wa mashariki wa Madagaska, kinachoivuta hewa kuelekea kwake. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita eneo hilo, na masika ya mwaka huo yalikuwa ya mvua kubwa mno. Ya pili ni kundi pana la mawingu na mvua linalosafiri kutoka Bahari Hindi kwenda mashariki, likirudi kila baada ya siku 30 hadi 60, lililoelezwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971. Likiwa juu ya Bahari Hindi, mashaka kuhusu siku kavu huongezeka.

Kwa anayetoka Lamu Januari, basi, kazi ina hatua zake. Siku kumi kabla, namba za joto na upepo hazina maana. Tazama kama kuna kimbunga karibu na Madagaska na lile kundi la mawingu liko wapi. Siku tano kabla, fungua ramani ya hektopaskali 500 uone upepo unatoka upande gani, na kama modeli ya Ulaya na ya Marekani zinasema jambo moja. Siku mbili kabla, sasa soma kasi, joto na unyevu wa kimo chenyewe, saa kwa saa, ukitilia mkazo saa tisa usiku hadi saa nne asubuhi. Upepo wa kilomita 20 ni wa kawaida. Ukifika 50 na hewa ina unyevu, mwombe mwongozaji mjadiliane kuhusu kusogeza siku, na hapo usiwe mbishi kwa sababu umekwisha lipa.

Usiku wenyewe simu haina la kukuongezea. Kinachotazamwa ni msitu ulio chini yako. Mawingu yakiwa yamelala huko na nyota ziko wazi, mzunguko wa kawaida unafanya kazi na una muda hadi katikati ya asubuhi. Yakiwa yamebaki juu usiku kucha, au kilele kina kofia ya wingu isiyoondoka ingawa upepo ni mkali, hewa yenye unyevu inaletwa kutoka mbali, na hakuna saa itakayokuja kuiondoa kabla hujachoka. Waongozaji waliopanda kwa miaka hulisoma hilo kwa kutoka nje ya hema mara moja. Akikwambia leo tunangoja hapa Barafu, ngojea.